Kaskazini ya Bakiri

Mshumaa wa pili ulipozimika kule chini, Mwanaidi alitoa taarifa kwa sauti ya mtu aliyevunja kikombe cha mwenyeji wake.

"Wifi, na huu umezimika. Hatukuupuliza. Umezimika wenyewe."

Somoe Mbonde aliukandamiza mkono wa simu sikioni. Alikuwa amechuchumaa chini ya turubai, kwenye mteremko wa mawe juu ya pango la Nakiliri, kanga iliyolowa maji kichwani. Waya wa simu ulipita kando ya goti lake, ukateremka mlima mpaka mdomo wa pango, ukapotelea chini ya kifusi. Kilichobaki kati yake na watu thelathini na wanane kilikuwa waya huo, mwembamba kama wa kuanikia nguo.

"Hewa ikoje?"

"Nzito. Kama kulala chumba kimoja na beberu. Watoto tumewalaza wasije wakacheza. Bi Kindamba anasema kabla ya yote mshushe ugoro, kopo lake limekwisha."

Nyuma ya Mwanaidi kilisikika kidole kikigonga kopo la bati, tok, tok, kisha sauti kavu ya kizee: "Mwambie sijafa! Mwenye hamu ya ugoro hafi!"

Somoe alicheka kwa pua, akashangaa kwamba bado anaweza.

Watu hao waliingia pangoni jana asubuhi, kama watu wote wa milima ya Matumbi wanavyoingia siku za tufani ya jua. Tangu sumaku ya dunia ilipolegea na kuanza kutangatanga, jua lilikuwa likiwarushia tufani zisizo na upepo wala mvua. Ngozi huungua kabla mtu hajafika kisimani. Redio hukoroma. Simu za mkononi zilishakuwa vioo vya kujitazamia. Pango ndilo lililokuwa nyumba ya pili, na la Nakiliri lilikuwa pango zuri. Bakiri, kaka yake Somoe, mume wa Mwanaidi, alilipima kabla ya kufa kwake na kuvipa vyumba vyake majina ya nyumbani: Barazani, Sebuleni, Jikoni, na kule ndani kabisa, Uani. Upande wa mashariki wa Uani, juu ndani ya mwamba, kulikuwa na shimo lililojaa maji ya mvua za miaka mingi, na sakafu yake ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Ufa mmoja uliyadondosha maji hayo mpaka Uani, na watu wakanywa. Shimo hilo Bakiri aliliita Mtungi.

Jana alasiri paa la Sebuleni lilianguka. Hakuna aliyeumia, wote walikuwa Uani. Lakini njia ya watu na njia ya hewa ilikuwa moja.

"Wifi," alisema Mwanaidi, sasa kwa sauti ya chini, kama amegeukia ukuta. "Mnaanza lini?"

"Sasa hivi. Mtambo unapata joto."

"Mmepapata mahali penyewe?"

Somoe alitazama bendera nyekundu iliyochomekwa kwenye mwamba, hatua chache kutoka turubai. "Tumepapata," alijibu.

*

Mtambo wa kuchoronga ulikuja usiku kucha kutoka pwani, ukiburutwa na trekta, pamoja na Injinia Aurelia Mwingira wa Idara ya Mapango. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuja na kelele za wakubwa. Jambo la kwanza alilouliza lilikuwa majina ya walio chini, na aliyasikiliza yote.

Meno ya kuchorongea yaliyobaki mazima yalikuwa seti moja. Kwa mwamba ule yangetosha tundu moja, na tundu hilo lingekwisha kabla jua halijazama. Kuzibua kifusi kungechukua siku nne. Hewa ya siku nne haikuwepo.

"Tundu moja," Injinia alimwambia Somoe walipokuwa wakichomeka bendera. "Upana wa kikombe cha chai. Linatosha kupumua."

Mahali pa bendera palitoka kwenye ramani, na ramani ilitoka mikononi mwa Somoe. Ndiyo iliyokuwa kazi yake Idarani: kuingiza vipimo vya wapimaji kwenye kompyuta. Dira haionyeshi kaskazini ya kweli, ile ya nyota na ya bikoni, alama za saruji za wapimaji. Dira huelekea inakovutwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mkengeuko. Enzi za bibi yake Somoe, mkengeuko ulisogea kidogo tu katika umri mzima wa mtu. Sasa ulisogea kila juma, na kila asubuhi redio ilipomaliza matangazo ya vifo, mama mmoja mwenye sauti ya usingizi alisoma: "Mkengeuko wa leo..." Vijana waliuita mchepuko, wakasema hata sindano imepata wa pembeni.

Kanuni ya Idara ilikuwa nyepesi. Mpimaji aandike dira ilivyosema, asiguse kitu, na aweke tarehe. Kompyuta itaongeza mkengeuko wa siku ile. Siku Bakiri alipopima njia ya kutoka Sebuleni kwenda Uani, redio ilitangaza digrii kumi na nne mashariki. Kompyuta iliongeza kumi na nne kwenye kila mstari, ramani ikatulia, bendera ikapata mahali pake. Vyumba vya mbele Idara ilikuja kuvipima upya. Njia ya Uani haikupimwa tena, kwa sababu haikuwa na shida yoyote.

*

Fundi wa mtambo alikuwa Omari Ligunda, Mngindo, na kwa hiyo mtani wa akina Mbonde tangu kabla hawajazaliwa. Ndiye aliyechimba kaburi la Bakiri mwaka jana, baada ya kamba kukatika katika pango jingine na kumwangusha Bakiri pamoja na mshika futi wake, Chande. Ndiye pia aliyevaa kanzu ya marehemu pale msibani na kumwigiza mpaka watu wakalia na kucheka kwa pamoja, kama utani unavyotaka. Somoe hakuona. Siku ile alijifunika kanga usoni, akasikia vicheko kama mtu aliye chini ya maji.

"Mtani," Ligunda alimwita sasa, akifuta mafuta mikononi, "nyie Wamatumbi mnapenda mashimo kama nguchiro. Mkizaliwa shimoni, mkifa shimoni, katikati yake mnatuita Wangindo tuje kuwafukua."

"Fukua basi, wacha maneno. Mngindo hafanyi kazi mpaka aonjeshwe asali."

"Asali ipo?"

"Ipo ukimaliza."

Wasaidizi wake wawili walikuwa wamekaa kimya karibu na pampu ya upepo, nyuso zimefungwa vitambaa, macho yameganda kwenye bendera. Hofu ilikuwa imewakamata. Ligunda aliliona hilo. Akajinyoosha, akaingiza tumbo ndani, akawa mtu mwingine.

"Nyamazeni!" alisema kwa sauti ya Bakiri, ile ya kukwaruza, na Somoe akahisi nywele za shingo zinasimama. "Redio inasema." Akaweka kiganja sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu akainua kitu kisichokuwepo mbele ya kifua chake, na kwa kidole gumba na cha shahada akakizungusha ukingoni, taratibu, mara mbili. Akakipuliza. Akakohoa kikohozi kirefu cha tumbaku. Akafumba jicho moja. "Chande! Shika futi ikaze! Umekula wewe?"

Wasaidizi walicheka. Ligunda akarudi kuwa Ligunda.

Somoe hakucheka. Macho yake yalikuwa yamebaki kwenye vidole vya Ligunda.

"Rudia," alisema.

"Mtani, leo umeanza kunipenda?"

"Rudia, Ligunda. Pale kwenye vidole."

Alirudia. Kiganja sikioni. Kisha vidole viwili, mzunguko mdogo, na mwingine.

Dira ya mpimaji ina pete ukingoni. Mtu akiizungusha pete hiyo kwa kiasi cha mkengeuko, dira humpa kaskazini ya kweli palepale, na tarakimu anayoiandika huwa imesharekebishwa. Kabla ya kompyuta za Idara wapimaji wote walifanya hivyo. Kanuni ilikuja kuwakataza. Kama Bakiri aliendelea kuizungusha pete, basi tarakimu zake zilikuwa sahihi tangu mwanzo, na Somoe, kwa mkono wake mwenyewe na kwa kufuata kanuni, alizirekebisha mara ya pili.

"Zima mtambo," alisema.

*

Alichora chini kwa kijiti, Injinia Mwingira akiwa amechutama upande wa pili.

"Hii ni bikoni ya Sebuleni. Njia inakwenda kaskazini, mita mia mbili. Kama nimeongeza kumi na nne pasipostahili, njia yote imezunguka kuelekea mashariki. Uani haiko kwenye bendera. Iko huku, magharibi, karibu mita hamsini." Alionyesha ng'ambo ya mwamba, shamba la mbaazi lililobabuka majani. "Penye mbaazi pale."

"Kuna mzunguko mdogo kwenye njia ile. Vipimo vyake vilifunga, mwisho ukarudi ulipoanzia?"

"Vilifunga. Lakini ukizungusha sinia zima, vikombe havigongani. Vinafunga vilevile."

Injinia alikitazama kijiti. Kisha akauliza lile ambalo Somoe alikuwa akiogopa kulisema.

"Na Mtungi?"

Somoe alisogeza kijiti kwa kiasi kilekile. Ncha yake ilitua juu ya bendera.

Kama ramani ilikosea, basi walikuwa wameuweka mtambo unaogonga kama nyundo juu ya ganda la yai, na maji yote yangeteremka Uani. Kama ramani ilikuwa sawa, penye mbaazi hapakuwa na chochote ila mwamba, na meno yangekwishia humo.

"Dira ya Bakiri iko wapi? Pete yake ingetuambia."

"Haikupatikana. Iko chini ya mawe, kule alikoanguka."

Walikuwa wameshajaribu kugonga mwamba ili walio chini wasikilize. Mwanaidi alisema kishindo kinatoka pande zote, kama mtu anayetembea ndani ya kichwa chake. Redio ya kutafutia nayo ilikoroma tu, kwa tufani.

Injinia alimgeukia Ligunda. "Fundi. Ulimwona kwa macho yako akizungusha pete?"

"Nilimshikia kamba mara nyingi."

"Mwaka gani? Kabla ya kanuni au baada?"

"Mimi mtani, mama, siyo kalenda."

"Ligunda," alisema Somoe, "sikutanii."

Ligunda alivua kofia. Uso wake bila kicheko ulikuwa wa mtu mzee kuliko Somoe alivyodhani. "Nilitia chumvi," alisema polepole. "Mwigo bila chumvi nani atacheka? Kupuliza kioo ni chumvi yangu. Kikohozi kilikuwepo, nikakirefusha." Alifumba macho, akaviacha vidole vyake vifanye peke yao, mara moja, mara mbili, mara tatu. "Pete sikuitia. Pete haichekeshi, mtani. Watu walicheka kwenye kikohozi. Ningeitia ya nini?"

"Na redio?" Somoe aliuliza. "Kiganja sikioni, ni chumvi?"

"Ile ni yeye. Alikuwa hampi mtu salamu mpaka yule mama amalize kusoma."

Somoe alimtazama Injinia. "Redio ilianza kusoma mkengeuko baada ya Idara kuundwa. Kanuni ilikuja na Idara yenyewe. Kama aliisikiliza redio kisha akazungusha pete, alikuwa akifanya hivyo baada ya kukatazwa."

"Au alisikiliza redio tu, na pete fundi amemkumbuka nayo zamani. Kichwa cha mtu huchanganya." Injinia alisema bila ukali. "Bi Somoe, nakuelewa. Naogopa kama wewe. Lakini nikihamisha mtambo kwa mwigo wa msibani, na tundu likakutana na jiwe tupu, nitawaambia nini watoto wao?"

"Na ukiuacha hapa, yakawamwagikia?"

Injinia alifuta uso kwa kiganja.

Somoe aliinuka kwenda kwenye simu. Injinia akamshika mkono, taratibu.

"Usiwaambie."

"Hewa ni yao."

"Ndiyo maana. Wamekaa, wametulia, wanapumua kidogo kidogo. Mtu akiambiwa maji yanaweza kuja, moyo unakwenda mbio. Watasimama, watalia, watapanda kuta. Hofu inakula hewa, Bi Somoe. Utawaua kwa ukweli kabla hatujachoronga popote. Tuamue sisi, tuubebe sisi."

Somoe alisimama jua likimchoma mgongo kupitia kanga. Alijua Injinia hasemi uongo. Alijaribu kujiona yeye yuko kule, gizani, ametulizwa kwa neno "tumepapata", na maji yakifika magotini kabla hajajua kwamba kulikuwa na jambo la kuulizwa. Alikumbuka pia jinsi walivyomficha yeye, mwaka jana, saa nzima, wakisema Bakiri ameumia mguu. Saa ile walimhurumia. Hakuisamehe mpaka leo.

"Nimeshawadanganya mara moja leo," alisema, akauchukua mkono wa simu.

*

"Wifi."

"Niambie. Mbona kimya? Mtambo tuliusikia, ukanyamaza."

"Nisikilize mpaka mwisho, halafu sema na wenzako." Akamweleza. Alisema polepole, bila kupamba, bendera, mbaazi, Mtungi. Upande wa pili kulikuwa na pumzi fupi fupi tu.

"Bakiri alikuwa akizungusha pete?" Somoe aliuliza. "Ulimwona?"

"Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na dira." Mwanaidi alivuta pumzi, ikakwama, akavuta nyingine. "Najua alikuwa mbishi. Ukimkataza chumvi anakwenda kuilamba jikoni. Lakini siku ile ya Uani, wifi, sijui. Siwezi kukudanganya."

"Sitaki unidanganye."

"Wewe, ungekuwa humu, ungetaka wapi?"

Somoe aligeuka kulitazama shamba. "Penye mbaazi."

"Kwa sababu ya Ligunda."

"Kwa sababu ya Ligunda."

"Ee Mola wangu." Kitu kama kicheko kilipita. "Ngoja."

Alisikia sauti zikizuka, moja ikawa nyingi. Mwanaume mmoja alipiga kelele kwamba ramani ya serikali haiwezi kuzidiwa na vichekesho vya Mngindo. Mtoto alianza kulia, na mwingine akamfuata. Somoe alifumba macho. Kila kilio alikisikia kama mkono unaochota kwenye mtungi ulio karibu kwisha. Injinia alikuwa amesimama karibu naye, anasikia yote, na hakusema "nilikwambia."

Kisha tok, tok, kwenye bati, na sauti ya Bi Kindamba ikapanda juu ya zote: "Nyamazeni nyie! Huyo Ligunda aliniigiza mimi kwenye ngoma ya mjukuu wangu, nikataka kumpiga na mwichi wa kutwangia. Alinipata hasa! Mtu hakasiriki hivyo kwa uongo. Semeni penye mbaazi, tupande!"

Mwanaidi alirudi, akihema. "Penye mbaazi. Wengi wamesema. Kuna rafu ya mwamba huku, juu, tunapandisha watoto kwanza. Maji yakija, yatupate tuko juu."

"Pandeni polepole."

"Simu inabaki chini, waya haufiki."

"Wifi..."

"Chorongeni, wifi. Msikae."

Na Somoe akabaki akisikiliza vishindo vya miguu, sauti za watu wakibebana, na mtu mmoja akikohoa bila kukoma. Kisha miguu ikapungua. Kisha hakuna.

*

Injinia Mwingira aling'oa bendera kwa mkono wake mwenyewe.

Mtambo ulivutwa mpaka shamba la mbaazi, ukasimikwa kwa kamba na mizani ya maji, na Ligunda akaushusha bila utani wowote. Mwamba ulipiga kelele. Vumbi jeupe lilifoka, likawapaka wote nyuso kama mwali wa unyagoni. Turubai na waya wa simu vilikuwa vimevutwa mpaka kando ya mtambo, na Somoe alipiga magoti hapo, simu sikioni. Hakusikia kitu ila mgongo wa mlima ukitetemeka kule chini, goo, goo, goo, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kinatokea upande gani.

Fimbo ya kwanza ya chuma iliingia. Ya pili. Ligunda alikuwa akisikiliza chuma kwa kiganja, kama daktari. Meno yalikuwa yakiisha, kila mtu aliusikia mlio ukibadilika, ukiwa mwembamba.

Katika fimbo ya nne, vumbi likatoka limelowa.

Injinia aliinua mkono. Mtambo ukazimwa. Tope jembamba lilikuwa likibubujika mdomoni mwa tundu, na mmoja wa wasaidizi akarudi nyuma hatua mbili, akisema "maji, maji," kwa sauti ya mtoto.

Somoe aliona kila kitu kwa uwazi wa kutisha: jani la mbaazi lenye tundu la mdudu, ukucha wa Injinia uliovunjika, na yeye mwenyewe akiwa amekosea. Pande zote mbili zilikuwa maji. Bakiri alikuwa ameipotosha ramani kwa njia nyingine isiyojulikana, na amekufa nayo.

Ligunda alichota tope, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. "Jekundu," alisema. "Maji ya Mtungi yanachujwa na mwamba, ni meupe kama machozi. Haya yana udongo. Ni mvua iliyokwama ufani."

"Una hakika?" Injinia aliuliza.

"Sina. Mna jingine?"

Hawakuwa nalo. Injinia alimtazama Somoe, Somoe akatikisa kichwa kukubali, na mtambo ukanguruma tena. Tope lilitoka, likapungua, likageuka vumbi. Fimbo ya tano. Ya sita ilipofika nusu, meno yalilia mlio mmoja mrefu, na chuma chote kikaanguka kwa ghafla, urefu wa mkono, na kuning'inia.

Ligunda alizima. Akachomoa fimbo, moja baada ya nyingine, mikono yake ikiteleza.

Tundu lilikaa kimya kidogo. Halafu likapumua. Upepo wa vuguvugu ulipanda kutoka ndani, ukayatikisa majani ya mbaazi, ukawapiga nyusoni na harufu ya popo, mkojo wa watoto, na jasho la watu wengi.

Injinia Mwingira alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akaficha uso magotini. Somoe aliita kwenye simu. "Wifi! Mwanaidi!" Aliita mpaka sauti ikakatika. Wasaidizi walikuwa wameshaingiza bomba na kusukuma hewa. Kivuli cha turubai kilihama kutoka goti lake mpaka kwenye jiwe la pembeni. Ndipo akasikia kitu kikiburutika, kikigonga mkono wa simu, na kikohozi.

"Mnatumwagia mchanga," alisema Mwanaidi. "Tundu limetokea juu ya mwenzetu Jumbe pale, lingemtoboa kichwa. Mwambie Ligunda shabaha yake mbaya."

Somoe alilia kwa sauti. Wote juu ya mlima walimwona, hakujali.

"Mko wote?"

Mwanaidi alivuta hewa ile mpya, akaitoa.

"Bi Kindamba," alisema Mwanaidi. "Alikuwa wa mwisho kupanda. Alisukuma watoto kwanza, akafika katikati, akasema ngoja nipumzike. Akakaa. Hakuinuka."

*

Kifusi kilizibuliwa tufani ikiwa imekwisha. Walimtoa Bi Kindamba kutoka Jikoni, chumba chenye baridi, walikomhifadhi amefunikwa kanga tatu, na kumzika alasiri ileile. Injinia Mwingira alikuja, akasimama nyuma. Alikuwa ametuma ujumbe wa redio kwa Idara: vipimo vyote vya Bakiri Mbonde visirekebishwe tena, na wapimaji wote wazee waulizwe, mmoja mmoja, mikono yao huwa inafanya nini kabla ya kuandika.

Katika ua wa nyumba ya marehemu, Somoe alikaa kwenye mkeka karibu na Mwanaidi.

"Nisingewaambia," alisema kwa sauti ya chini, "asingepanda."

"Asingepanda," Mwanaidi alikubali. Alikuwa akichambua uzi wa mkeka. "Angekaa pale alipokuwa, akatupigia kopo lake mpaka hewa ifike. Labda angefika nayo." Akaukata uzi. "Na mimi ningejua baadaye kwamba mlituchagulia, nisingekula kwako tena. Hayo mawili yote ni kweli, wifi. Usiniombe nikuondolee moja."

Somoe hakuomba.

Kisha minong'ono ikakatika, maana Ligunda alikuwa ametokea mlangoni, amejitanda kanga ya marehemu, mgongo umepinda, midomo imeingia ndani. Watu walianza kucheka kabla hajasema. Somoe alisikia mkono wake ukiinua ncha ya kanga kuelekea usoni, kwa mazoea. Akaushusha. Akaishika kanga kwa nguvu mapajani, akatazama.

Ligunda alitembea hatua fupi za Bi Kindamba, akamkemea mtoto ambaye hakuwepo, akakaa kwa kuugulia. Akatoa kopo tupu kutoka kwenye pindo, akalitikisa sikioni kwa huzuni kubwa, na mama mmoja akaanguka begani kwa mwenziwe kwa kicheko. Tok, tok. "Mwenye hamu ya ugoro hafi!"

Mwanaidi alikuwa akicheka na machozi yakimfika kidevuni. Somoe naye alilia, lakini macho yake hayakutoka kwenye vidole vile. Kopo lilikuwa mkono wa kulia. Kilichogonga kilikuwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto.

Ligunda alipopita karibu kwenda kukusanya chochote kwa watu, kama watani wafanyavyo, Somoe alimvuta kanga.

"Mkono wa kushoto," alimnong'oneza. "Ni chumvi?"

"Hapana, mtani," alisema Ligunda. "Ule ni wake."